Ng'ombe Tisini na Sita

Costancia alimwamkia kwanza. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye watu walieneza kwamba alimvamia Mzee Kornelio ofisini kama mtu asiyefundwa kwao. Uongo mtupu. Alisimama mlangoni mwa kile chumba cha nyuma ya kanisa wanachokiita ofisi, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, Mzee," akangoja mpaka akaitikiwa marahaba. Ndipo akauliza ni nani aliyewabandua ng'ombe wake.

Kwa sababu walikuwa wamebanduliwa kweli. Kadi zake tisini na sita za Krismasi, kazi ya miezi mitatu, zilikuwa zimepangwa juu ya meza, na kando yake bakuli la plastiki limejaa ng'ombe wa karatasi. Wengine walikuwa wamekatika pembe, wengine miguu. Wembe ulikuwa bado umelala juu ya daftari la mahudhurio. Mzee Kornelio, mwenyekiti wa baraza la wazee, alikuwa amekaa wima kama yuko kwenye picha ya pasipoti. Perpetua, katibu wa baraza, alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Ni sisi," alisema Mzee Kornelio. "Kwa utaratibu kabisa. Kikao kilikaa, kikaamua. Kadi ni nzuri, mama Winnie, hakuna aliyezikataa. Ng'ombe tu ndio hatuwataki mwaka huu."

Ili mtu aelewe jinsi moyo wa Costancia ulivyochemka pale mlangoni, lazima ajue kadi zile ni kitu gani. Costancia ni mtu wa milimani, kwao ni juu huko ambako wamisionari walijenga shule kabla babu yake hajazaliwa. Katika shule hiyo mwalimu mmoja mwenye kidole kilichokatika alimfundisha kukata karatasi bila kuichora kwanza. Alipoteremka Kilosa mjini akapata kazi ya uhudumu katika ofisi moja, akafagia, akachemsha chai na kupeleka mafaili kwa miaka thelathini, na kila majalada yaliyochakaa yalipotupwa aliomba ruhusa akayabeba nyumbani. Wenzake walimcheka. Akaacha wamcheke, na mwaka huo huo wote waliomba kadi.

Kadi ya Costancia hailali. Kadi za dukani ni picha tu, unaitazama mara moja umemaliza. Yake ina ghorofa. Chini kabisa kuna manila ya bluu iliyokunjwa. Juu yake kuna milima iliyokatwa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, kisha banda lenye paa la ganda la hindi, kisha Mariamu na Yosefu waliovikwa vipande vya kitenge, kisha Mtoto mweupe kwenye hori la njiti za kiberiti. Kati ya tabaka na tabaka yeye hubandika vijipande vya soli ya ndala kuukuu, vilivyokatwa vidogo kama punje za mahindi, ili kila kitu kinyanyuke na kuwa na kivuli chake. Nyota ni stoni zilizong'olewa kwenye magauni ya harusi yaliyokwisha kazi. Dhahabu inatoka Mikumi, ambako binti yake Winnie anafanya kazi kwenye hoteli ya watalii. Wageni wanakula chokoleti, Winnie anaokota makaratasi, anayanyoosha kwa kijiko, anayaleta nyumbani yamebanwa ndani ya Biblia.

Na mwisho kabisa, juu ya vyote, anakaa ng'ombe. Yule mwalimu wa kidole alisema wanyama wawekwe mwishoni, na Costancia hakuwahi kubadilisha.

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, kanisa lile dogo lina desturi yake. Kamba ya katani inafungwa kutoka dirisha hadi dirisha, kadi zinatundikwa, na Costancia anasimama mbele kusoma majina yaliyomo. "Jamaa ya fulani!" Na jamaa hiyo inasimama na kujibu, "Tupo!" Kisha mkubwa wao anakuja kuchukua kadi. Wanaiita Jumapili ya Kamba. Haimo katika kitabu chochote cha ibada, lakini kuna watu hawaji kanisani mwaka mzima ila siku hiyo hawakosi, kwa kuwa wanataka kusikia jina lao likiitwa na wao wajibu kwamba wapo.

"Ng'ombe wamekukosea nini, Mzee?" Costancia aliuliza.

Alikuwa anajua. Kilosa nzima ilikuwa inajua. Mwezi wa sita, mahindi yalipokaribia kuvunwa, kundi la ng'ombe liliingia katika shamba la Mzee Kornelio upande wa Munisagara na kumaliza ekari mbili kabla ya jua kupanda. Ng'ombe wa nani, hakuna aliyepata kujua. Lakini tangu siku hiyo kwa Mzee Kornelio wafugaji wote wakawa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyelisha mahindi yake. Familia kumi na moja za wafugaji waliotoka kanda ya ziwa walikuwa wanasali katika kanisa lile, wengine kwa mwaka wa nane sasa. Zile benchi zao za nyuma zilianza kupata nafasi kubwa mbele yao, kwa maana hakuna aliyetaka kukaa karibu nao.

"Ukiwatundika ng'ombe kanisani," Mzee Kornelio alisema, "unatutonesha kidonda. Watu wamelala njaa hapa."

"Na mimi wamenilia mbaazi."

"Ndiyo maana nakushangaa!"

"Mbaazi zangu zote. Nilitoka na jembe, nikatukana matusi ambayo sijayatubu mpaka leo." Costancia alilichukua bakuli mezani. "Sikatai kwamba tumepata hasara. Ninachokataa ni wewe kunipangia nani alikuwepo Bethlehemu."

Mzee Kornelio si mjinga. Alifundisha Biblia miaka mingi, na alikuwa amejiandaa. "Nionyeshe mstari," alisema. "Fungua Luka. Fungua Mathayo. Nionyeshe wapi pameandikwa ng'ombe."

Costancia hakuwa na mstari.

"Hori limeandikwa?"

"Hori limeandikwa."

"Hori ni la nini, Mzee? La kuegeshea bodaboda?"

Perpetua alicheka kwa pua kabla hajajizuia. Mzee Kornelio akamtupia jicho, akageuka tena kwa Costancia na kusema, sasa kwa sauti ya mwenyekiti, kwamba kadi zenye ng'ombe hazitatundikwa katika kanisa lile maadamu yeye ana uhai. Costancia akajibu kwamba basi hazitatundikwa kadi kabisa. Akazikusanya zote tisini na sita ndani ya kikapu, akaweka bakuli juu yake, akapanda kwenye kiti bila kuomba ruhusa na kuishusha kamba ya katani iliyokuwa juu ya kabati.

"Kamba unaipeleka wapi?"

"Kamba ni yangu. Niliinunua Kimamba mwaka aliozaliwa Winnie. Shikamoo, Mzee."

Mzee aliitikia. Angefanya nini?

Njiani hasira ilimshika vizuri. Ofisini alikuwa na ubishi wa kumsimamisha wima, lakini alipofika kwenye kivuko cha reli, kikapu kikiwa kizito mkononi, alilia kwa uchungu, machozi ya mtu aliyeonewa, na dereva wa bodaboda aliyesimama kumwuliza kama kuna msiba akafukuzwa kwa mkono. Kilichomuuma si karatasi. Kilichomuuma ni kwamba walikaa chini watu wazima, wakagawana nyembe, wakafanya kazi ile mmoja mmoja mpaka tisini na sita, na hakuna aliyesema jamani.

Kesho yake asubuhi alikuja Kishiwa. Huyu ni mke wa Masunga, mmoja wa wale wafugaji, mama wa watoto saba, mkubwa wao Shimba, na ndiye aliyekuwa akimletea Costancia maziwa kila siku mwaka ule alioumwa mapafu, mpaka Costancia akanona na kuanza tena kugombana na watu. Alikuwa amekwisha kusikia. Alikaa kwenye mkeka, akalitazama lile bakuli.

"Mama Winnie, sisi Jumapili hiyo hatutakuja," alisema. "Wala usigombane kwa ajili yetu. Wakimtoa ng'ombe wametutoa sisi, tumeelewa. Hatuna haja ya kusimama kule nyuma kusema tupo."

"Mtakuja."

"Masunga amekataa."

"Mwambie Masunga nimesema mtakuja, na mama Shimba, nakuomba usinikasirishe na wewe, nina watu wa kutosha."

Kishiwa alilivuta lile bakuli. Akatia mkono bakulini, akatoa ng'ombe mmoja, akamgeuza huku na huku. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Costancia alidhani analia. Kumbe anacheka.

"Huyu nani?"

"Ng'ombe."

"Huyu?" Kishiwa akamwinua juu kwenye mwanga. "Nundu yake iko wapi? Pembe hizi ni za mbuzi. Na madoa haya meusi na meupe! Miaka yote nimeona kadi zako nikasema labda ni mbwa mkubwa wa mchungaji, nikaona haya kuuliza."

Ikabidi Costancia akiri. Ng'ombe wake alimnakili kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga, zamani sana, akiwa msichana, na hakuwahi kufikiri tena juu yake. Mtu mzima, amezungukwa na ng'ombe wa kweli kila upande wa Kilosa mpaka mbaazi zake zimeliwa nao, na kila Krismasi anapeleka Bethlehemu ng'ombe wa kwenye kopo. Wakacheka wote wawili hadi wakaegemea ukuta.

Kicheko kilipokwisha, Costancia alichukua kadi moja iliyobanduliwa. Akapitisha kidole mahali ng'ombe alipokuwa. Vipande vya ndala vilikatwa vizuri kabisa, kadi haikuchubuka. Kwa nini kazi ile iliwawia rahisi hivyo? Kwa sababu ng'ombe alikuwa wa mwisho. Alikuwa pambo, kakaa juu ya vitu vyote na hakuna kitu kilichokaa juu yake. Ukimtoa, hori lipo, Mtoto yupo, kadi imekamilika, na hakuna hata mmoja ambaye angejua kama palikuwa na ng'ombe.

"Mama Shimba," alisema polepole, "ng'ombe akilala chini, mtu anaweza kumwegemea?"

"Watoto wangu wanalala hapo siku nzima. Ni joto."

Costancia akainuka kutafuta mkasi.

Walikuwa na siku tisa. Kila kadi ilibomolewa mpaka ikabaki bluu yake na milima. Ng'ombe wapya walikatwa kwenye majalada ya ofisini, yale ya kahawia, na Kishiwa ndiye aliyekuwa akisimamia. Hakukubali ng'ombe yeyote apite bila nundu. Huyu shingo fupi, rudisha. Huyu pembe zinatazama chini, ana huzuni ya nini, rudisha. Costancia, ambaye kwa miaka arobaini hakuwahi kusahihishwa na mtu kuhusu mkasi, alirudisha. Alipiga simu Mikumi na Winnie akachukua likizo ya siku mbili, akapanda basi na mfuko wa makaratasi ya dhahabu na ndala sita zilizokatika za wafanyakazi wenzake.

Siku ya nne akaja Perpetua. Alisimama uani na mkasi wake mkononi, asijue aanzie wapi.

"Nilikata ishirini na mbili," alisema. "Nilizihesabu."

"Basi leo utabandika ishirini na mbili," Costancia alimjibu, "na ukimaliza utaendelea." Akamsogezea kigoda.

Safari hii ng'ombe alikuwa wa kwanza. Mkubwa, amelala, amejaza nusu ya kadi. Vipande vya ndala viliwekwa chini yake yeye peke yake. Hori lilibandikwa ubavuni mwake, na Mtoto akalazwa ndani ya hori. Mariamu aliegemea mgongo, Yosefu alisimama nyuma ya nundu akiwa ameishika. Hata uzi wa nyota ulifungwa kwenye pembe. Kila kitu kilichokuwa kwenye kadi, isipokuwa milima na jina la jamaa, kilikuwa juu ya ng'ombe.

Jumamosi Costancia alikwenda kwa mwinjilisti Jastin, kijana mpole anayeliongoza kanisa lile na anayemwogopa Mzee Kornelio kuliko anavyomwogopa askofu. Akamwambia ataitundika kamba kesho saa moja asubuhi. Jastin akasema baraza lilishaamua. Costancia akasema analijua hilo, ndiyo maana haombi ruhusa, anatoa taarifa, na kama mwinjilisti anataka kuzuia basi afike saa moja kamili amshike mikono. Jastin alifika saa mbili na nusu, akaikuta kamba imejaa, akasema, "Aa, mmeshamaliza," akaenda kuvaa kanzu yake.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Habari ilikuwa imefika kila mahali, na wako waliokuja kumtukuza Mungu na wako waliokuja kuona vita, lakini wote walikuja. Benchi za nyuma zilikuwa tupu. Costancia alizitazama wakati wa wimbo wa kwanza, akazitazama wakati wa wimbo wa pili. Wimbo wa tatu ulipokuwa ukingoni, Kishiwa akaingia amevaa kanga mpya, nyuma yake Masunga amekunja uso, nyuma yao watoto saba, na nyuma yao familia nyingine zote kumi.

Muda ulipofika Costancia alisimama mbele, akavaa miwani yake. Hakutoa hotuba, ingawa alikuwa ameitunga nzuri kweli. Alianza tu kuita.

"Jamaa ya Mama Debora!"

"Tupo!"

"Jamaa ya Marehemu Ezekieli!"

"Tupo!"

Katikati, bila kubadilisha sauti, akaita, "Jamaa ya Masunga!" Kishiwa alimgusa mume wake kwa kiwiko. Masunga akasimama, mrefu, akasema neno lile kwa nguvu kiasi kwamba mtoto mmoja mbele aliruka, na wale wa familia kumi wakasema naye ingawa hawakuwa wameitwa. Alipoipokea kadi aliitazama muda mrefu, akatabasamu pale alipofika kwenye nundu.

"Jamaa ya Mzee Kornelio!"

Mzee Kornelio hakuwa mtu wa kuukana ukoo wake mbele ya watu. Alisimama. "Tupo," alisema, akaja, akaichukua kadi kwa mikono miwili kama ilivyo heshima, akarudi benchi ya mbele kukaa na mke wake, mama Imelda. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa koti na kutoa wembe.

Costancia alimwona. Aliendelea kuita majina, lakini jicho moja lilikuwa kwenye ile benchi. Mzee alifanya kazi kwa utulivu, kama anavyofanya kila kitu. Alipenyeza wembe chini ya ng'ombe, akakata kipande cha kwanza cha ndala, cha pili, cha tatu, akavuta.

Ng'ombe akatoka. Hori likatoka naye, na Mtoto ndani yake. Mariamu akatoka, Yosefu akatoka ameshika nundu, na nyota ikafuata nyuma inaning'inia kwa uzi wake. Mkono wa kushoto wa Mzee Kornelio ulibaki na milima mitupu na maneno "Jamaa ya Mzee Kornelio".

Mama Imelda aliiangalia kadi, akaangalia mkono wa pili. Ni mwanamke asiyepandisha sauti, ila siku hiyo kanisa lilikuwa kimya, maana hata Costancia alikuwa ameacha kuita.

"Mzee," alisema, "umemtoa na Mtoto."

Hakuna aliyecheka. Costancia alikuwa amejiandaa kufurahi, siku tisa nzima aliisubiri dakika hiyo, lakini alipoona vile vidole vya mzee havijui vishike wapi, furaha haikuja kama alivyoitegemea. Wala huruma haikuja. Alirekebisha miwani, akaita jina lililofuata, na jamaa hiyo ikajibu kwamba ipo.

Baada ya ibada watu walitoka, wakajazana uwanjani kuonyeshana kadi. Costancia alibaki ndani anakunja kamba yake ya katani, na Kishiwa alikuwa anamshikia ncha ya pili. Mzee Kornelio alikuwa bado amekaa. Baadaye akainuka, akaja taratibu mpaka waliposimama wale wanawake wawili, kadi mkono mmoja, ng'ombe na watu wake mkono wa pili.

"Shikamoo, Mzee," alisema Costancia.

"Shikamoo," alisema Kishiwa.

"Marahaba." Akawaitikia wote wawili. Akakohoa. Alitazama kamba, akatazama dirisha, na mwishoni hakubaki na mahali pengine pa kutazama.

"Una gundi?"

"Ninayo."

Costancia aliweka kamba chini, akatafuta ndani ya kikapu, akatoa chupa ya gundi na vipande vitatu vya ndala. Mzee akamnyooshea kadi. Costancia hakuipokea. Alimwekea chupa kiganjani, akamvutia benchi ya nyuma iliyokuwa karibu, ile ya kina Kishiwa.

"Kaa hapa ubandike mwenyewe," alimwambia. "Anza na ng'ombe."